Nilichokikuta Ndani ya Maiki ya Dada

Jumatatu, 9 Juni

Maiki mpya imefika studio. Dada kaipokea kwa mikono miwili kama anapokezwa mtoto mchanga. Imelala kwenye sanduku lenye sponji nyeusi, nene, ina wavu kichwani. Cheti akaanza kuhutubia.

Cheti ni fundi mitambo aliyeajiriwa na Dada mwaka jana. Jina nimempa mimi. Siku ya kwanza kazini alikuja na cheti chake kikiwa kwenye fremu, pamoja na msumari na nyundo ya kutoka kwake. Mtu wa kuja na msumari wake mwenyewe ni wa kuangaliwa sana.

Akasema hii si maiki moja, ni maiki nane. Zile maiki za zamani, zilizorekodi magwiji, zote nane tunazipata humu. Ukitaka yenye sauti nzito unachagua, ukitaka yenye sauti laini unachagua. Dada akatoa macho. Mimi nikachekea puani. Maiki nane ndani ya kitu ninachokibeba kwa mkono mmoja! Thubutu! Nikauliza zimekaaje humo ndani, zimepanga foleni au zimebebana? Cheti akanitazama kwa huruma. Ile huruma sijaipenda.

Niseme wazi, maana humu sina wa kumwonea haya. Nina miaka kumi na mmoja katika studio hii. Blanketi za ukutani za kuzuia mwangwi, nimezitundika mimi. Kila waya uliokunjwa ukakunjika, nimeukunja mimi. Lakini kile kiti cha kuzunguka, mbele ya mitambo, anakikalia Cheti. Mimi nakalia ndoo iliyopinduliwa.

Sasa Jumamosi anakuja Shangazi kuimba nyimbo zake saba. Shangazi ndiye aliyetulea, mimi na Dada. Jumanne inayofuata anafanyiwa upasuaji wa koo. Daktari hakuficha: sauti inaweza kurudi nyingine, au isirudi kabisa. Kwa hiyo ni siku hiyo moja, hakuna ya pili. Dada kasema mtu yeyote asiiguse maiki mpaka Jumamosi. Kasema “mtu yeyote” huku ananiangalia mimi.

Sitaki sauti ya Shangazi iingie kwenye kitu cha kitapeli. Hapo sitanii.

Mpango: nifungue maiki, nithibitishe utapeli, Dada amtimue Cheti, Jumamosi nikikalie kiti. Safi.

Jumanne, 10 Juni

Mchana. Dada kampeleka Shangazi kliniki. Cheti kaenda kula, na yeye hula taratibu kama anatunga mtihani. Nikabaki mimi, maiki na bisibisi.

Kwanza nikapaka losheni mikononi ili vidole vilainike. Kazi ya kitaalamu haitaki vidole vikavu. Nikafungua pete ya chini. Ganda lote likateleza na kutoka kama soksi.

Ndani: upepo! Nimeuziwa, yaani Dada kauziwa, upepo. Kuna bodi moja nyembamba kama rula ya shule. Juu yake vidude vichache, vingine vidogo kuliko punje ya mtama. Nyaya chache nyembamba zinapanda kwenda kichwani. Basi. Redio ya jikoni ina mengi zaidi.

Nikakifungua kichwa. Humo ndimo maiki nane zilipotakiwa kuwepo. Nikakuta visahani viwili vya duara, vimepeana mgongo kama mke na mume walionuniana. Kila kimoja kina ngozi nyembamba inayong'aa rangi ya dhahabu. Nikahesabu kwa kidole. Moja, mbili. Nikarudia kuanzia upande wa pili. Mbili, moja. Nikapapasa kwenye bodi, huenda nyingine zimejificha chini. Nikaitikisa. Hakuna.

Nane kutoa mbili ni sita. Maiki sita zimeibiwa!

Na nani alilifungua sanduku wa kwanza? Cheti. Nimefunga kila kitu kama kilivyokuwa, nikakaa kwenye ndoo yangu kimya kama maji mtungini. Cheti kaja anachokonoa meno. Mwizi mwenye usingizi wa mchana.

Jumatano, 11 Juni

Nimeamua kumtega. Sikumshutumu. Nimemwuliza kijanja kwamba je, kama mtu, si mimi, mtu tu wa huko duniani, angefungua maiki kama hii, angekuta nini?

Badala ya kutetemeka, akafurahi. Kumbe hakuna anayemwuliza maswali. Akavuta karatasi akachora. Akasema huyo mtu angekuta visahani viwili, kimoja kinasikia mbele, kingine kinasikia nyuma. Kila kimoja kinapeleka sauti yake kwenye kompyuta kwa njia yake. Zile nane hazimo kwenye maiki kabisa. Zimo kwenye programu. Programu imefundishwa jinsi kila maiki ya zamani ilivyokuwa inasikia, basi inachukua hivyo visahani viwili na kuviigiza.

Nikasema kumbe ni mwigizaji! Cheti akasema unaweza kusema hivyo. Nikamkimbilia Dada ofisini. Nikamwambia tumetapeliwa mchana kweupe, hiki kitu kina visahani viwili tu, vingine vyote maigizo. Dada akaacha kuandika. Akauliza nimejuaje kama ni viwili.

Nikasema nimeota.

Karudi kwenye maandishi yake. Kasema tu kwamba maiki hiyo ikipata jambo lolote kabla ya Jumamosi, hata ile ndoo nitaisikia kwa jirani.

Saa tisa Cheti akaiwasha kuijaribu. Salale! Inakaanga! Inatatarika kwenye spika mfululizo, halafu inavuma, halafu inatatarika tena. Cheti akabadilisha waya, vile vile. Akabadilisha tundu, vile vile. Akasema labda unyevu. Dada akakaa chini akashika kichwa. Akasema maiki yetu ya zamani inanguruma, siku ya upasuaji haisogei, na Shangazi kila akiongea sauti inakwaruza zaidi ya jana.

Nilijisikia vibaya. Nakiri. Nilijisikia vibaya kama dakika mbili nzima. Halafu nikakumbuka kwamba kama Cheti asingesema nane, mimi nisingehesabu. Kwa hiyo mzigo ni wake.

Hata hivyo, lazima nimwokoe Shangazi.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi nimekwenda kwa fundi redio, yule mzee wa kibanda cha kona anayevaa miwani miwili kwa pamoja. Nikamwambia nina rafiki ambaye kafungua maiki, sasa inakaanga. Mzee hakuniuliza lolote kuhusu rafiki. Kanishika mkono, kaunusa. Akauliza rafiki anapaka losheni hii hii?

Akanieleza kinaganaga. Sehemu ya bodi iliyo karibu na visahani, umeme wake ni mdogo mno, wa kunyatia. Alama moja ya kidole chenye mafuta inaugeuzia njia, unavuja, ndiyo ule mtatariko. Akaniagiza glavu, pamba na spiriti. Nifute bodi pale nilipogusa. Ngozi ya visahani nisiiguse, nisiipulizie, hata pumzi nizielekeze kwingine. Akasema nimwambie rafiki yangu kwamba ni mpumbavu. Nimeahidi kumfikishia.

Cheti alikuwa amepanga kuifungua mwenyewe kesho. Angekuta vidole vyangu vyote kumi vimejichapa humo! Bahati, mchana kaenda kuazima maiki ya akiba kwa kwaya fulani. Nikajifungia chumba cha kurekodia. Glavu mkononi, leso mdomoni, pumzi nikizigeuzia ukutani. Nilipofuta mara ya nne pamba ilitoka nyeupe. Nikakirudisha kichwa. Kichwa kinaingia pande zote mbili sawasawa, kwa hiyo sikusumbuka, nimekiingiza upande ulioteleza vizuri.

Nikaiwasha. Kimya! Kimya safi kabisa, kimya cha kumsikia inzi akifikiri. Mikono yangu hii hii! Bila cheti, bila msumari!

Nilikaa kwenye kiti cha kuzunguka dakika tano. Nikazunguka mara tatu. Kinafaa sana mgongo wangu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeonewa. Nimeonewa mchana wa jua kali.

Cheti kaja asubuhi, kaiwasha maiki, kasikiliza ukimya wake kwa dakika nyingi akifumba macho. Kisha kamwita Dada. Kamwambia imepona. Kamwambia jana jioni aliiwekea mfuko wa mchele mkavu pembeni ili unyonye unyevu, na umeunyonya. Dada akampigia makofi. Mchele! Mchele umepigiwa makofi!

Damu ilinichemka. Maneno yalinifika hapa, kwenye meno. Nilitaka kusema ni mimi niliyeitengeneza. Lakini nikisema nimeitengeneza nitaulizwa nani kaiharibu. Nikajikaza kisabuni. Nikamwambia Cheti hongera. Neno hilo limenitoka kama mwiba.

Dada kagawa kazi za kesho. Kiti: Cheti. Shangazi: chumba cha kurekodia, mbele ya maiki. Mimi: kusimama nyuma ya maiki nikimshikia Shangazi karatasi za maneno, zilizoandikwa kwa maandishi makubwa, kwa sababu macho yake nayo yamechoka. Nikasema mimi si kibao cha matangazo. Dada akasema Shangazi mwenyewe kaniomba, kwa jina.

Basi nitashika. Lakini nitashika kwa kinyongo.

Jumamosi, 14 Juni

Shangazi kafika na gauni la kijani na chupa ya maji ya moto. Kanikagua kuanzia viatu mpaka nywele, kasema bado sijajua kufunga vifungo. Nikafungua, nikafunga upya.

Wimbo wa kwanza haujafika katikati, Cheti akasimamisha. Kaja chumbani, kaizunguka maiki kama polisi. Kasema kwenye hedifoni Shangazi anasikika yuko mbali, kama anaimba chumba cha pili, ila pumzi zangu mimi anazipata sikioni kabisa. Kasema mbele imekuwa nyuma. Akauliza kama kuna mtu kaifungua hii maiki.

Jasho jembamba likanitoka. Kumbe kile kichwa kina mbele na nyuma! Si wangeandika! Nikainua karatasi mpaka machoni, nikasema kutoka huko nyuma kwamba viwanda vya siku hizi havina umakini. Shangazi akakohoa. Dada, kule nyuma ya kioo, alikuwa ananitazama mimi, siyo maiki.

Cheti akasema si neno, njia zote mbili zinarekodiwa, atazibadilisha tu kwenye kompyuta. Akarudi, akabonyeza, ikawa kweli si neno. Nilikasirika kidogo kuona jinsi ilivyokuwa rahisi.

Kisha Shangazi akaimba. Sina la kukejeli hapa. Sauti imeingia mikwaruzo, anaivuta kutoka chini kabisa, na mara nyingine inamponyoka naye anaifuata mpaka aipate. Wimbo wa tatu ni ule aliokuwa akituimbia akituogesha uani. Nilijifuta macho kwa bega ili karatasi zisishuke. Nilimpenda mpaka ikauma, na niliogopa, nikajiuliza nani ataniambia vifungo vyangu vimekaa vibaya, na kwa sauti ipi.

Baada ya wimbo wa nne alitoka kunywa maji. Nikabaki peke yangu na maiki. Nikazungumza nayo kidogo, kwa kunong'ona, kama watu wanaoheshimiana. Hayo ni yangu na yake.

Nyimbo saba zimekwisha saa kumi. Hakuna mtatariko hata mmoja. Hakuna aliyejua lolote. Mimi ndiye mshindi wa wiki hii, ila sherehe nafanya kimoyomoyo.

Jumapili, 15 Juni

Siandiki sana. Mkono mzito.

Tulikaa wote wanne kusikiliza. Shangazi kapewa kiti cha kuzunguka, Dada kasimama, Cheti kapiga magoti mbele ya kompyuta, mimi ndooni. Kila kitu kilikuwa kizuri mpaka Cheti akaanza kujionesha. Akamwambia Shangazi kwamba uzuri wa maiki hii ni kwamba hata leo, kazi imeshakwisha, inaweza kugeuzwa sikio. Jana ilisikiliza mbele, leo unaweza kuiambia isikilize nyuma. Visahani viwili, njia mbili, zote zimehifadhiwa. Shangazi akasema hebu asikie. Cheti akageuza sikio. Na mahali alipogeuzia, katika saa nzima ya kazi, ni pale Shangazi alipokwenda kunywa maji, na kurekodi hakukuwa kumesimamishwa!

Sauti yangu ikatoka kwenye spika zote mbili. Safi. Ya karibu. Hata mate yanasikika nikimeza.

Ilisema, naandika nilivyoisikia: asante sana maiki, nimekufungua mara mbili, nimekupaka losheni, nimekugeuza kichwa, na bado umenitunzia siri, wewe ni mtu mzima. Ikaendelea kwamba Cheti anadhani ni mchele wake. Ikaendelea kwamba Dada hata ukimuuzia ndoo ukamwambia ni ngoma, atakushukuru na kuomba fimbo zake.

Cheti alikuwa mwekundu wa masikio. Dada alinitazama mpaka nikaanza kuitazama sakafu. Nilifyata mkia, sikatai, lakini nilifyata kwa heshima.

Shangazi ndiye aliyeingilia kati. Akasema waendelee huko huko nyuma, wampe wimbo wa tatu. Cheti akaupiga. Shangazi anasikika kwa mbali. Na karibu kabisa, chini yake, kuna mtu anaitikia kwa kuguna, taratibu, akiufuata wimbo pale anapoujua na kunyamaza pale anapolia. Sikujua nilikuwa naitikia. Naapa sikujua.

Shangazi akataka urudiwe. Mara tatu. Kisha akasema hiyo sauti ya nyuma ibaki kwenye wimbo huo, asiiondoe mtu. Dada alifuta macho huku bado ana hasira nami, kazi ngumu kuifanya kwa uso mmoja.

Jumatatu, 16 Juni

Hukumu imetoka. Kiti cha kuzunguka ni cha Cheti moja kwa moja. Ndoo imerudishwa bafuni. Nimetia saini karatasi kwamba sitakuwa na bisibisi ndani ya studio, wala losheni. Nimeweka saini ndogo.

Lakini naomba ieleweke. Ni wimbo gani Shangazi kaupenda kuliko yote? Wa tatu. Kwa nini? Kwa sababu yangu. Na mimi nilisikika kwa sababu gani? Kwa sababu nilikigeuza kile kichwa. Bila bisibisi yangu pangekuwa na wimbo mkavu tu.

Nilimweleza Cheti hayo. Akasema, kwa ile huruma yake, kwamba kisahani cha nyuma kingenisikia vile vile hata kama nisingeifungua maiki maisha yangu yote. Kasema kufungua kwangu hakukuongeza kitu, kulikaribia tu kuharibu kila kitu. Akachora tena kwenye karatasi.

Nimeikunja karatasi yake. Watu waliosoma wana wivu wa ajabu. Yeye katika kazi nzima ya Shangazi hasikiki mahali popote. Mimi nasikika. Ng'o, sirudi nyuma hata hatua moja.

Kitu kimoja nakubali, na hiki nakikubali kiume: nilikosea. Nilikosea kuzungumza.

Jumatano, 18 Juni

Upasuaji umefanyika jana, umekwenda vizuri. Nimeshinda wodini na Shangazi. Haruhusiwi kusema hata neno moja kwa wiki mbili. Daktari anasema baada ya hapo ndipo itajulikana sauti iliyobaki ni ipi. Shangazi ana daftari na penseli, na hedifoni alizoletewa na Cheti. Anasikiliza wimbo wa tatu. Nilikuwa namtazama midomo ikitembea bila sauti. Nikamgeuzia mgongo kidogo, nikajifanya naangalia dirishani.

Alipomaliza kaandika, kanipa. Kaandika kwamba mwitikio nimeuanza chini mno, nikiwa na nafasi nirekebishe. Nimeikata hiyo karatasi nimeiweka kwenye pochi. Nimelia kidogo. Basi.

Sasa kuna jambo limenikera. Kitanda chake ni cha kubonyeza, kinainuka upande wa kichwa. Kila kikiinuka kinatoa mlio, krrr, halafu kinasita, halafu kinaendelea. Nimemwuliza muuguzi. Kasema ndivyo kilivyo. Ndivyo kilivyo! Shangazi wangu katoka kukatwa koo, anainuliwa na kitu ambacho ndivyo kilivyo!

Nimeinama kuchungulia. Kuna kiboksi cha plastiki chini, nusu yake bila shaka ni upepo. Skrubu nne. Karatasi niliyoitia saini ilisema studio. Haikusema wodi.

Shangazi kaniona. Kaandika kwa herufi kubwa, kachana ukurasa mzima na kunishikisha mkononi: USIGUSE. Nikamwonesha kwa ishara kwamba sigusi, naangalia tu. Na safari hii sikusema neno.

Muuguzi amepita, kasema atarudi baada ya nusu saa.

Nusu saa inatosha kabisa.